Nguchiro na Muhtasari wa Kikao Kilichopita

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanasaini daftari la mahudhurio, chuo kikuu cha porini kilikuwa na Skuli ya Biashara. Mkuu wake, Mzee Tembo, aliiongoza mpaka pembe zikamlemea, akastaafu.

Siku ya kuaga alisema, "Uchaguzi ufanyike ndani ya miezi mitatu. Na mkitaka ushauri wangu, mchagueni huyu."

Akamwelekezea mkonga Bi Kanga, mwandishi wa vikao, aliyefundisha somo la masoko miaka ishirini na miwili.

Bi Kanga aliinamisha kichwa kwa haya, lakini moyoni alikuwa anahesabu miezi. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na akichaguliwa kuwa mkuu, sheria ingemwongezea miaka mitano. Walimu wadogo wadogo, akina Kindi na Digidigi, walikwisha kumwahidi kura, nao ndio waliokuwa wengi. Alichohitaji ni siku moja tu ya uchaguzi.

Sasa, nani akaimu mpaka siku hiyo?

"Nitakaimu mimi," alisema Profesa Nyati, akapiga kwato sakafuni, tu!

"Kwa kipi?" akauliza Profesa Kiboko. "Kwa pembe?"

Kwenye kiti cha nyuma alikuwapo Nguchiro, mwalimu mdogo kuliko wote. Akajikohoza.

"Wakubwa zangu, mbona mnajichosha? Kaimu ni wa kushika funguo tu. Nipeni mimi. Nani ataniogopa mimi?"

Wakubwa wakacheka mpaka madirisha yakatetemeka. Wakanyoosha mikono kukubali. Hata Bi Kanga aliinua bawa, na bawa hilo lilikuja kumuuma kuliko ugonjwa.

Kikao cha kwanza, Nguchiro akasoma. "Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ya tatu, yatokanayo. Ya nne, uchaguzi wa mkuu."

Jueni, wanangu, kwamba chuoni pale hakuna aliyethubutu kuruka ajenda. Muhtasari usipothibitishwa neno kwa neno, hamwendi mbele. Ndivyo walivyokuta, ndivyo walivyofuata.

Bi Kanga akausoma muhtasari. Alipomaliza, Nguchiro akakuna kidevu, kwaru kwaru.

"Profesa Nyati, hapa umeandikwa 'alitoa maoni.' Maoni gani? Mtu mzito kama wewe anafupishwa hivi?"

Nyati akavimba. "Kweli kabisa. Andika: nilisema Kiboko hafai kuongoza hata foleni ya maji."

"Basi na langu liandikwe," akasema Kiboko. "Nilisema Nyati hafai, maana hasomi barua mpaka mwisho."

"Nasoma."

"Husomi."

"Ile ya Machi niliisoma."

"Uliisoma bahasha."

Wakavutana hivyo mpaka jua likageuka. Nguchiro akafunga faili, pa! "Muda umetutupa mkono, waheshimiwa. Bi Kanga, rekebisha. Tutathibitisha kikao kijacho."

Kikao kijacho, Kiboko alitaka "hafai" yake isomeke "hafai kabisa." Cha tatu, Nyati naye akataka "kabisa" yake. Cha nne kikaishia kwenye nukta, na miezi mitatu ya Mzee Tembo ikapita.

Mwezi wa tano Bi Kanga akaenda ofisini kwa Nguchiro. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha Tembo, ameongeza mito mitatu ili afikie meza.

"Bwana Kaimu, naomba tuvuke ajenda moja tu. Nimebakiza miezi mitatu."

"Dada yangu, unadhani mimi sioni? Roho inaniuma. Lakini nikiruka muhtasari, kesho watasema uchaguzi ni batili, uongozi wako uanze na kesi. Unautaka hivyo?"

Bi Kanga hakuutaka hivyo. Alikuwa mtu wa kanuni tangu ujana wake, na kanuni alizipenda kama wengine wanavyopenda watoto. Akarudi nyumbani, akarekebisha muhtasari kwa mwandiko safi, mstari mmoja mmoja.

Miezi ikaisha. Bi Kanga akastaafu siku ya Jumatano. Alhamisi Nguchiro akaitisha kikao, na Bi Kanga akaalikwa aje apewe zawadi. Wakampa saa ya ukutani.

"Muhtasari," akasema Nguchiro. "Kuna masahihisho?"

Nyati na Kiboko walikuwa wanautazama wali wa karamu ukipoa kwenye meza ya pembeni.

"Hakuna," wakasema.

"Umethibitishwa."

Miezi minane muhtasari ulikwama, wanangu, na sasa umepita kwa pumzi moja. Bi Kanga aliikumbatia saa yake.

"Ajenda ya nne," akaendelea Nguchiro kwa sauti laini. "Kanuni ya kumi na moja inasema, mjumbe aliyetajwa kuwa hafai, na muhtasari ukathibitishwa, hawezi kugombea. Tumethibitisha kwamba Profesa Nyati hafai kabisa. Na Profesa Kiboko naye, kabisa. Amebaki nani?"

Walimu wadogo wakatazamana. Walikuwa wamejiandaa kwa jina moja tu, na mwenye jina alikuwa mgeni mwalikwa.

Nyati akafoka, "Nani aliandika upuuzi huu?"

"Bi Kanga," akasema Nguchiro. "Mlimtamkia wenyewe."

Bi Kanga aliijua kanuni ya kumi na moja. Hakuwahi kudhani kwamba kuna mtu angekaa miezi minane akiisubiri. Hasira ilimpanda, lakini alijikasirikia mwenyewe kuliko wote.

"Dada," Nguchiro akamwita, akimsogezea karatasi, "fadhila ya mwisho kabla hujaondoka. Mwandishi mpya bado hajateuliwa."

Bi Kanga akaitazama kalamu. Kisha mazoea yakamshinda. Akaiweka saa miguuni, ikilia ta, ta, ta, akaandika kwa mwandiko ule ule safi: *Mkuu mpya aliwashukuru wajumbe kwa kumwamini.*

Nami nawaambia, wanangu: mkimwona mtu anawasaidia kugombana kwa utaratibu, tazameni amekalia kiti cha nani.