Maneno ya Ngome ya Shaba

Zama za Sultani Mukhtari wa Zinjifuri, jini Kashkashi alimnyakua Azamina, binti wa Sultani, na akamfungia katika ngome ya shaba pamoja na Taimuri, tajiri wa lulu kutoka nchi ya mbali, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

Jini akawaambia, kila mmoja kwa lugha yake, "Lugha zote za wanadamu nazijua. Nikisikia mnapanga kutoroka, nitawameza."

Basi wakabuni maneno yao kwa kuonyeshana vitu kwa kidole: maji yakawa *pwe*, jini akawa *gudu*, kulala kukawa *hosi*. Lakini maneno yalikuwa hayana mpango. Siku moja Azamina akanong'ona, "*Gudu hosi*," akimaanisha kuwa jini atalala, na Taimuri akadhani amekwishalala, akanyoosha mkono kuivua kidoleni mwa jini pete iliyofungua mlango. Kumbe jini, ambaye hulala macho wazi, alikuwa bado hajalala, akamrusha ukutani hadi mbavu zikavunjika.

Azamina akalia sana. Tangu hapo wakaliweka neno *morani*, yaani kesho, mbele ya kitendo ambacho bado hakijatendeka, na kwa kulitamka kwa haraka na hofu likachakaa, likabaki *mo*. Kwa kilichokwisha wakaweka *le*.

Lakini jini alikuwa akisikiliza, na asubuhi moja akasema, "Azamina, niletee *pwe*."

Binti akatambua kwamba jini ameanza kuyajua maneno yao. Wakijichelewesha, wamekwisha.

Adhuhuri jini akajilaza, macho kodo. Taimuri akasogea.

"*Gudu mo hosi*," akanong'ona Azamina.

Mkono wa Taimuri ukasimama hewani. Jini akarudiarudia, "*Mo... mo...*," akitafuta ni kitu gani kinachoitwa hivyo, na hakukiona ndani ya ngome, mpaka pumzi yake ikawa nzito.

"*Gudu le hosi!*"

Taimuri akaivuta pete, wakatoka, na wakamfungia jini humo milele.

Sultani akawaoza kwa furaha, akawapa nusu ya hazina yake, na wakajaliwa watoto waliokua wakisema lugha ile. Siku moja Azamina, akijiandaa kwa safari, akamsikia bintiye akimuuliza kaka yake, "*Sa* mama asiporudi, tutafanyaje?"

"Neno hilo *sa* nani kawafunza?" akauliza Azamina, kwa kuwa yeye na mumewe hawakuwa nalo.

"Hakuna, mama. Ni neno la jambo ambalo huenda likatokea, huenda lisitokee. Tulikuwa tunaogopa, tukalihitaji."

Azamina akavua viatu vya safari, akaketi, akamwomba bintiye amfundishe. Na aliyesikia hekaya hii azingatie kwamba lugha huanzwa na wenye shida, na hukamilishwa na watoto wao.