Uji wa Kopo la Dukani

Ndugu zangu, leo nina habari ya unga wa uji. Mnaotabasamu, subirini kwanza.

Mama mmoja wa mjini alikuwa na mtoto aliyetoka kuugua surua. Mtoto amebaki mifupa, ukimpa kijiko anageuza uso. Bibi yake akasikia, akafunga safari kutoka kijijini na unga wa mtama, karanga na ufuta, aliolima, akakaanga na kusaga mwenyewe. Aliutia kwenye kiroba kilichowahi kuwa cha sukari, mdomo ameufunga kwa kipande cha kanga.

Siku hiyo kulikuwa na wageni waliokuja kumjulia hali mtoto. Mama wa mtoto akaona haya. "Jamani, mama, mambo ya viroba tena? Huyu anatumia wa dukani." Akakisukuma kiroba chini ya meza. Kopo la dukani lilikuwa zuri, siwafichi. Lilikuwa na picha ya mtoto mwenye mashavu, na kwa bei yake ungepata kuku.

Haikupita wiki, mtoto akamaliza kikombe, akanyoosha mkono apewe kingine.

"Umeona, mama? Kizuri ni kizuri."

"Nimeona, mwanangu. Bora anakula."

Mtoto akarudisha mwili. Mama mtu akalisifia lile kopo hadi kwa majirani, kwamba hata kuisha haliishi. Wewe umewahi kuona kopo lisiloisha? Yeye hakujiuliza. Bibi akaaga, akarudi kwake.

Baadaye kopo likaisha kweli. Mama mtu akanunua lingine, picha ile ile. Mtoto akatema. Kesho yake akatema tena. Akampigia mama yake simu, analalamika kwamba kiwanda kimeharibu unga.

Bibi akamwambia, "Mwanangu, kopo nilikuwa nalijaza mimi kwa unga wangu, ukienda kazini. Niliona ukibaki kwenye kiroba hutampa."

"Basi nitumie mwingine, mama. Hata kesho."

"Sina. Nilingoja uniulize kiroba kimekwenda wapi, hukuuliza. Nikasema, nimlimie nani? Shamba nimempa jirani, amepanda alizeti."

Inaniuma, ndugu zangu, kwa sababu yule mama ni sisi. Tunamwomba Mungu chakula, akituletea kwenye kiroba tunamwambia sisi ni watu wa kopo. Mzee akija na neno la busara, tunamtazama kwanza viatu. Kijana wa suti akisema upuuzi, tunaitikia amina. Ni nani umemsukuma chini ya meza, na leo ukimpigia simu atakujibu kwamba hana tena? Na wengine wetu, hata wa kumpigia hayupo.

Mama yule alilia sana, na alikuwa na haki ya kulia. Lakini machozi hayapiki uji, na mtoto bado alikuwa na njaa.