Kwa Nini Waholanzi Hukanyaga Umande Siku ya Kupaa

Zamani hizo Mholanzi alikuwa havui kiatu nje ya nyumba yake hata kwa dawa. Nchi yao imelala chini kuliko bahari, ardhi yake ni chepechepe, kwa hiyo walivaa viatu vya mbao mwaka mzima, vizito kama vinu. Nyayo zao hazikuyajua majani. Sikukuu za majira ya kuchipua zilikuwa nyingi kama zilivyo leo, ila mgeni hakuambiwa hata moja. Si kwa roho mbaya, la. Kila mwenyeji alidhani mwenzake amekwisha kumwambia.

Basi mwaka mmoja alifika mkata majani aitwaye Hinrik, baba wa watoto watatu, aliyetembea siku tisa kutoka nchi za mashariki. Huko kwao ghala lilikuwa tupu. Alipata kazi kwa mjane mmoja, Mama Aaltje, mwenye ng'ombe kumi na mmoja na maneno machache kuliko ng'ombe wake. Siku ya kwanza Aaltje alimwambia, "Nitakutazama wiki mbili. Ukifaa, utabaki mpaka vuli. Usipofaa, njia unaijua." Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu maskini alipewa mundu kabla hajaketi.

Alhamisi ya wiki ya pili Hinrik aliamka kukipambazuka, akakuta nyumba kimya. Alifurahi. Alijiambia, leo watajua mfanyakazi ni nani. Viatu vyake vilipiga kelele kwenye matofali, akavivua asiwaamshe watu, akatoka pekupeku, mundu wake wenye mpini mrefu begani. Umande ulimlowesha mpaka kwenye goti, na kusema kweli aliuona mtamu.

Alipokuwa katikati ya konde, kengele ya kanisa ililia polepole, kama ya kwao ilivyolia Pasaka. Hapo ndipo alipohesabu siku tangu Pasaka, akafika arobaini. Ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana. Katika kijiji kile, kama huko kwao, aliyeonekana na mundu siku hiyo alifukuzwa kazi bila mjadala. Aligeuka arudi upesi kabla hajaonekana, akakata njia kando ya tuta kubwa linalozuia bahari.

Hapo miguu yake ilimshtua. Umande hukaa juu ya majani, lakini maji haya yalipanda kutoka chini, katikati ya vidole, baridi kupita kiasi. Aliinama, akachovya kidole, akaonja. Chumvi! Bahari ilikuwa imepata upenyo chini ya tuta.

Hinrik alisimama. Angeutupa mundu mferejini na kurudi kitandani, hakuna ambaye angejua. Akipiga kelele, wote wangemuuliza alifuata nini kondeni alfajiri ile. Aliwawazia watoto wake, kisha akawawazia watoto waliolala nyuma ya tuta lile. Liwalo na liwe, alisema, akakimbia nyumba kwa nyumba akigonga milango kwa mpini wa mundu wenyewe.

"Amkeni! Bahari imeingia kondeni!"

Watu walitoka mbio na viatu vyao vya mbao, wakatafuta, wasione kitu. Majani yalikuwa marefu na yote yamelowa, nani angetofautisha maji na maji kwa macho?

"Vua viatu, Mama," Hinrik alimwambia Aaltje.

Watu walitazamana. Kuvua viatu, mbele za watu, tena sikukuu! Aaltje alivua. Mchungaji wa kanisa naye akakunja suruali, na wote wakajipanga mstari, wakakanyaga hatua kwa hatua huku wakilalamika baridi. Mhunzi wa kijiji ndiye aliyepiga ukelele, "Huku kunatoka chini!" Walikuta tundu lililochimbwa na fuko chini ya tuta, wakalichimbua, wakalishindilia udongo mpaka likaziba. Ng'ombe walikamwa kwa kuchelewa siku hiyo.

Ndipo Aaltje alipoutazama ule mundu.

"Hinrik, nani alikutuma kazini leo?"

"Hakuna, Mama. Sikujua ni sikukuu."

"Hukuambiwa?"

"Na nani, Mama?"

Aaltje alimtazama mchungaji, mchungaji akamtazama mhunzi, mhunzi akaitazama miguu yake. Hinrik alisubiri kuonyeshwa njia.

"Basi aliyekosa si wewe," Aaltje alisema. "Utabaki mpaka vuli. Na mwakani uje na watoto."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wetu, na wala hawakuwa wamefika Uholanzi.

Na tangu siku hiyo, Alhamisi ya Kupaa, Waholanzi huamka alfajiri, wakavua viatu na kukanyaga umande. Kwa hiyo ninyi mliokuja kuchuma nyanya hapa, jirani akiwagongea mlango saa kumi na moja, viatu mkononi, msiite polisi. Vueni vyenu mfuatane naye. Na tangu siku hiyo mwenyeji hadhani tena kwamba mgeni ameambiwa na mwingine. Ndiyo maana karatasi ya sikukuu hubandikwa mlangoni pa kantini ya hapa kazini mwezi mzima kabla, kwa Kiholanzi, Kipolandi na Kituruki. Mwaka huu kuna mstari mpya chini kabisa, umeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, herufi zimepinda: Alhamisi hakuna kazi.