Padri Asiyemjua

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja, mwendesha baiskeli hodari, kofia ngumu kichwani na suruali ya kubana. Yeye na wenzake sita walifunga safari ya siku nne kuzuru makanisa ya kale ya wamisionari, yale ya kuta nene na kengele zilizoletwa kwa meli.

Wenzake walifuata picha. Yeye alikuwa na lake moyoni. Miaka kumi na moja hajaungama, tangu alipogoma kwenda kumzika baba yake mzazi. Kwa paroko wake hawezi kwenda: wanasalimiana kila Jumapili, watatazamana vipi? Akasema, huko mbali nitapata padri asiyenijua.

Je, alimpata? Kanisa la kwanza, padri alikuwa kijana mno. La pili, padri anapenda kucheka. La tatu, eti foleni ndefu. Mnacheka? Sisi visingizio vimetuishia lini? Likabaki la nne, kongwe kuliko yote.

Sasa, msafara ule ulikuwa na sheria: mlimani hakuna kusimama, maana ukikata mwendo, kuanza tena ni kazi. Saa saba mchana, katikati ya kilima cha mwisho, wakakutana na mzee mmoja, viatu vya mpira miguuni, anakokota baiskeli kuukuu yenye pancha. Akapunga mkono.

"Wanangu, nisaidieni pampu na kiraka!"

Pampu zilikuwepo saba. Mmoja akapita, wa pili akapita. Bwana yule alikuwa wa mwisho, na macho yao yakakutana.

"Shikamoo mzee! Utusamehe, tunawahi kanisani."

Huyo, akapita.

Kanisani wakamkuta mama anafagia. "Padri ameitwa kumpaka mgonjwa mafuta," akasema. "Msubirini, atarudi." Wenzake wakazunguka na kamera zao. Yeye akaketi kwenye benchi, akizipanga dhambi zake, kubwa nyuma, ndogo mbele. Saa kumi akasikia padri ameingia kwa mlango wa sakristia. Akaenda kwenye kiti cha kitubio, akapiga magoti, akainamisha kichwa. Chini ya pazia akaona viatu vya mpira, vimejaa vumbi.

Aibu ilimshika kwelikweli. Angeweza kuondoka, baiskeli ilikuwa pale nje, na wenzake walikwisha kumwita mara mbili. Lakini miaka kumi na moja ni mingi, ndugu zangu. Mzigo unachosha.

"Padri," akasema, "nianze na ya leo. Nimempita mzee njiani ana pancha, nami nina pampu."

Halafu sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Hiyo naijua, mwanangu. Nilikuwepo. Mgonjwa nimemkuta angali hai, tumshukuru Mungu. Haya, nipe ile iliyokuleta."

Akaisema ya baba yake, yote, hakubakiza.

Na sisi je? Asubuhi ya leo, tukiwahi kuja hapa, tumempita nani kwa shikamoo? Tunazunguka tukimtafuta Mungu asiyetujua, wa kumhadithia dhambi tulizokwisha kuzipunguza. Huyo hayupo. Yupo huyu tuliyempita kilimani, na bado amerudi kuketi atusikilize.

Jumamosi saa tisa nitakuwa kwenye kiti cha kitubio. Nawajua wote. Njooni hivyo hivyo.