Kiwele Kilichojaa

Imepokewa kwamba siku mbuzi yule alipouzwa sokoni, katika mji mmoja wa Yemeni, walikuwapo watu wanne: Hudheili bin Masadi, imamu wa msikiti mdogo, naye ndiye mwenye mbuzi; Labidi bin Harithi, dalali; Bi Rumeisa binti Rafii, mjane; na mjukuu wake Dhakwani bin Ubeyi, mchanga wa miezi mitatu, aliyefiwa na mama yake siku aliyozaliwa.

Hudheili alikuwa mcha Mungu, lakini mwaka ule ukame ulimbana. Mbuzi alikuwa karibu kukauka, basi akamwacha siku mbili bila kumkamua, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa tele. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amelikataza jambo hilo, na Hudheili alilijua; mwenyewe alikuwa akilifundisha.

"Kiwele hicho, mama," akasema Labidi, "mtakunywa mpaka mwoge!"

"Wewe nyamaza, kazi yako kusema." Bi Rumeisa akamgeukia Hudheili. "Shehe, ana kasoro yoyote?"

Hudheili akainamisha macho. "Si huyo unamwona?"

"Basi yatosha. Mtu anayetusalisha simkagulii mbuzi wake."

Kwa siku tatu Hudheili alisalisha, na kila rakaa sauti ilimkatika katikati ya Fatiha. Akamweleza Labidi alivyofanya.

"Mbuzi wangapi wamekauka mwaka huu?" akasema Labidi. "Nani atajua?"

"Anajua Aliyekiumba kiwele."

Akamfungua mbuzi wake wa mwisho mwenye maziwa, akaenda naye kwa Bi Rumeisa. Alimkuta akimlowesha mtoto midomo kwa maji ya tende. Akakiri yote, bila kujitetea.

Bi Rumeisa akamfuta mtoto midomo. "Mimi nilidhani mbuzi anaona ugeni," akasema. "Kila jioni nikisema, kesho atashusha maziwa, shehe hawezi kunidanganya. Ningejua, ningekwenda kuomba maziwa kwa jirani. Sikuomba."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mkamue upesi."

Akakamua. Mtoto akatiwa maziwa kinywani tone kwa tone, nayo yakatoka pembeni mwa midomo.

Enyi waumini, toba ya Hudheili tunatarajia kwa Mola kuwa imekubaliwa, kwani alisema kweli pasipo mtu kumshurutisha, akatoa na kile alichobakiwa nacho. Lakini kweli ile ilihitajiwa sokoni, alipoulizwa.

Dhakwani bin Ubeyi alifariki siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri.