Mguu wa Kinyonga Unaorudi Nyuma

Menyeni karanga huku mkinisikiliza, maana masikio hayamenyi. Na wewe Chausiku, uliyemtupia kinyonga bonge la udongo asubuhi, sogea hapa karibu. Leo nasema nawe.

Kinyonga hakuwa hivi. Alikuwa na rangi moja tu, kijani cha jani la kunde, na alitembea moja kwa moja kama mtu anayejua anakokwenda. Alilala kwenye paa za nyumba zetu. Wakati wa kupalilia mtama, kina mama waliwalaza watoto wachanga chini ya mkwaju, naye akajishika tawini kwa mkia, juu yao. Inzi akimkaribia mtoto, ulimi ulichomoka, na inzi hakuonekana tena. Watoto wa siku hizo walilala na nyuso safi. Mtoto aliyempenda kuliko wote ni Lukiya, binti wa Namkasi, na Lukiya naye hakupata usingizi mpaka amemwona.

Basi kwenye karamu ya mavuno akaja mgeni kutoka ng'ambo ya mlima, Mzee Chikopa. Alipomwona kinyonga karibu na watoto, akaweka kata ya pombe chini.

"Hee! Nyie mnamwachia huyo watoto? Kwetu mmoja alikula nasi, akapeleka siri zetu kwa adui. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hao ni vigeugeu."

Watu wakacheka. Mgeni akaenda zake, neno lake likabaki. Mama mmoja akaanza kulima na mwanawe mgongoni, jua lote lile. Wengine wakamwiga. Mwisho akaja Namkasi kumchukua Lukiya, wala hakuinua macho.

"Dada Namkasi, umeniona nikigeuka lini?"

"Mimi sina neno nawe, mwenzangu. Lakini watu wanasema."

Kinyonga akahamia msituni. Alimkumbuka Lukiya hata chakula kikamshinda. Akawaza, labda ni hiki kijani changu kinachowachukiza. Nikifanana nao watanipokea. Akajibana kwenye udongo, akajikaza, akaomba, mpaka ngozi yake ikawa kahawia kama kuta za nyumba zetu. Akarudi mbio kwa furaha, akapanda ukuta wa Namkasi, akachungulia dirishani. Lukiya alimjua papo hapo. Akanyoosha mikono, akicheka.

Jirani akapiga yowe. "Amegeuka! Si tulisema? Lisemwalo lipo!"

Haya, lilikuwepo. Lakini nani alilileta? Hapo ndipo ninapokasirika kila ninaposimulia. Namkasi aliujua ukweli, akanyamaza, akafunga dirisha. Lukiya alilia mpaka sauti ikamkauka.

Na tangu siku hiyo kinyonga hubadili rangi kila anapokaa, akiitafuta ile itakayokubalika. Akisikia mtoto analia kando ya shamba, hunyanyua mguu aje, akalikumbuka lile yowe, akaurudisha. Jicho moja hutazama msitu, la pili hutazama milango yetu. Nasi tunafukuza inzi kwa matawi, na inzi hawaishi.

Chausiku, usimcheke tena ukimwona anasitasita njiani. Anataka kurudi nyumbani. Bado hajatokea wa kumwambia karibu.