Kufuli la Bwana Mchopa

Bwana Mchopa, mwenye kiwanda cha sabuni, alifunga simu ya ofisi kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Karani wake, Tabu Haule, alimsihi amruhusu kumpigia shangazi yake, mkunga wa hospitali, ajue kama mdogo wake amejifungua salama.

"Simu hii ni ya wateja," bosi alimkatalia.

"Sawa, bosi. Ila tangu asubuhi haijalia. Nadhani imekufa."

Bosi alishtuka, akafungua kufuli mbio. "Namba ya fundi?"

Tabu alimtajia, bosi akaizungusha mwenyewe.

"Mbona inaita vizuri?"

"Kupiga inapiga, bosi. Haipokei. Nipe nimweleze fundi."

Akampa.

"Shikamoo, shangazi! Bosi mwenyewe ndiye aliyekupigia. Haya, wa kike au wa kiume?"